Vitate vya Kiingereza: kosa la kalamu na kosa la sikio

Mtoto wa shule hufundishwa vitate mapema: kula na kura, fua na vua. Hufundishwa vitawe pia: paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani. Ila katika masomo yote hayo hakutani na maneno mawili ya Kiswahili yanayotamkwa sawasawa kabisa halafu kila moja likaandikwa kwa herufi zake. Kwetu, ukishalisikia neno umeshajua kuliandika. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Their" na "there" hutoka mdomoni mwa Mwingereza kwa mlio mmoja, na ni karatasi tu inayoyatenganisha.

Kuna kundi la pili, na hili ni letu wenyewe. Mwingereza akisikia "live" na "leave" anasikia maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Sisi ndio tunaosikia moja, kwa sababu sikio letu lina irabu tano na lake lina nyingi zaidi.

Vitabu vingi huyachanganya makundi haya katika orodha moja ndefu, na msomaji anakariri jozi mia kisha anakosea zilezile. Dawa zake hazifanani. Kundi la kwanza ni kosa la kalamu: hata ukiwa na matamshi ya mtangazaji wa London hayatakusaidia, maana naye anatamka hivyohivyo. Kundi la pili ni kosa la sikio, na hapo kukariri maana ya neno hakusaidii kitu, kwa sababu maana unaijua tayari. Anayeandika barua pepe kutwa nzima ofisini aanze na kalamu. Anayejiandaa kwa usaili, au anayepokea simu za wateja wa nje, aanze na sikio.

Jozi za kalamu

Kosa la kalamu lina kipimo ambacho Mwingereza hana na sisi tunacho: Kiswahili. Karibu jozi zote zinazomtesa mwandishi wa Kiingereza zimetenganishwa vizuri na lugha yetu, kwa hiyo kabla hujaandika, iseme sentensi kwa Kiswahili usikie ni neno gani limekaa mahali pale.

Chukua "its" na "it's", jozi inayowashinda hata wenye lugha. "The company lost its licence": kampuni ilipoteza leseni yake. Limekaa "yake", basi ni "its" bila ritifaa, yaani bila kile kialama cha juu tunachokiweka kwenye ng'ombe. "It's too late": ni kuchelewa mno. Limekaa "ni", basi ritifaa inahitajika. "It's rained all night": mvua imenyesha usiku kucha. Hapo imekaa "ime-", na ritifaa inahitajika pia, kwa kuwa "it's" ni kifupi cha "it is" au "it has", basi. Kinachowapotosha watu ni "Juma's car", ambapo ritifaa inaonyesha umilikaji, nao hudhani sheria hiyo inafika hadi kwenye "yake". Haifiki. Tazama ndugu zake: "his", "hers", "ours", "yours", "theirs". Hakuna hata mmoja mwenye ritifaa.

Kipimo hicho hicho kinamaliza "your" na "you're". Ikiwa Kiswahili kinasema "-ako", andika "your". Ikiwa kinasema "wewe ni" au "una-", andika "you're". Ndiyo maana jibu la asante ni "You're welcome". Ukiandika "Your welcome" umesema makaribisho yako, halafu sentensi ikakatika. "Whose" ni "-a nani" au "ambaye ...-ake", "who's" ni "nani ni", "nani ame-" au "ambaye ni". Nayo "their", "there" na "they're" yanagawana hivi: la kwanza ni "-ao", la pili ni "pale" au "kuna", la tatu ni "wao ni" au "wana-". "There" limebeba "here" tumboni mwake, na hapa na pale ni watoto wa mama mmoja, kwa hiyo hilo si gumu kulikumbuka.

"Then" na "than" ni rahisi kuliko yote. "Then" ni kisha, halafu, au wakati ule. "Than" ni kuliko. Anayeandika "better then me" ameandika "bora kisha mimi".

Jozi ninayoipenda ni "affect" na "effect", kwa sababu Kiswahili kina jozi yake iliyo karibu vilevile: athiri na athari. "Affect" ni kuathiri, yaani kitenzi. "Effect" ni athari, yaani nomino. Ukame umeathiri mavuno: "the drought affected the harvest". Athari za ukame: "the effects of the drought". Wapo watakaokwambia kuna vighairi, na ni kweli. "To effect change" ni kitenzi chenye maana ya kuleta mabadiliko, si kuyaathiri. Na wanasaikolojia wana nomino yao "affect", inayohusu hisia anazoonyesha mtu. Kama huandiki ripoti ya kitabibu, hiyo ya pili iache ipite. Ile ya kuzingatia zaidi imo katika nyaraka za ofisi zetu: "with effect from 1 July", kuanzia tarehe 1 Julai. Hapo ni "effect" siku zote.

Tukiwa bado ofisini, "Kindly advice" imeandikwa mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya watu hudhani ndiyo sahihi. "Advice" ni ushauri, na "advise" ni kushauri. Unamwomba mtu akushauri, hivyo ni "Kindly advise". Jozi hii ina bahati: tofauti yake inasikika. "Advice" inaishia kwa s, "advise" inaishia kwa z. Ukiizoea kwa sikio, itakufungulia nyingine mbili ambazo hazisikiki kabisa, "practice" na "practise", "licence" na "license". Katika tahajia ya Uingereza zote zinafuata mkondo mmoja: yenye c ni nomino, yenye s ni kitenzi. Kwa hiyo leseni ya udereva ni "driving licence", na anayeruhusiwa kuuza dawa ni "licensed".

Marekani hawafuati hivyo. Wao huandika "practice" kwa nomino na kitenzi, na "license" kwa vyote viwili. Ndiyo sababu kompyuta yako hupigia mstari mwekundu neno "licence" hali umeliandika vema: programu imewekewa Kiingereza cha Marekani. Shule zetu, mahakama zetu na magazeti yetu yamerithi tahajia ya Uingereza, kwa hiyo badilisha mpangilio wa lugha kwenye programu yako badala ya kubadilisha mkono wako. Kama unaandikia mwajiri au chuo cha Marekani, fuata yao. Kisichokubalika ni kuchanganya zote mbili katika barua moja.

Na usiitegemee mno programu hiyo ya kukagua tahajia. Kazi yake ya asili ni kutazama kama neno lipo katika kamusi, na "principle" lipo, hata kama ulikuwa unamwandikia mkuu wa chuo. Programu za kisasa hubahatisha kwa kuangalia maneno ya jirani. Mara zinapatia, mara zinakuharibia sentensi iliyokuwa nzima.

"Principal" na "principle", basi. Kiswahili kinakata shauri kwa neno moja: "kuu". Mkuu wa shule, sababu kuu, mshtakiwa mkuu, vyote ni "principal". Hata kwenye mkopo wa benki, ile fedha yenyewe uliyochukua, ambayo riba inahesabiwa juu yake, ni "principal", kwa maana ndiyo deni kuu. "Principle" ni kanuni au msimamo, basi. Haliwi sifa ya kitu wala cheo cha mtu.

Mbao za maduka zina jozi yake maalumu. Tembea mtaa wowote wenye shule karibu, Dar es Salaam au Nairobi, utaona "STATIONARY" limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango wa duka la daftari na kalamu. Neno hilo linamaanisha kitu kilichosimama, kisichosogea. Vifaa vya kuandikia ni "stationery". Mkumbushe fundi wa mabango kwamba "paper" nalo linaishia kwa "er". Ila muuza duka ana utetezi kidogo, maana maneno haya yalitoka tumbo moja. Katika Kilatini cha zama za kati, "stationarius" alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na wachuuzi waliozunguka na bidhaa mgongoni. Aliyesimama mahali pamoja akauza karatasi, na karatasi zikachukua jina la kusimama kwake. Chama cha wafanyabiashara hao mjini London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557, na bado kipo.

Wanaoshughulika na serikali za mitaa na mahakama wanahitaji kuzijua "council" na "counsel". Baraza ni "council", na diwani ni "councillor". Ushauri, hasa wa kisheria, ni "counsel", na wakili anayesimama mahakamani huitwa hivyohivyo. Mshauri nasaha ni "counsellor". Mtu aliyefiwa akiambiwa kwa maandishi amwone "councillor", atajikuta ofisini kwa diwani.

"Compliment" ni sifa unayompa mtu. "Complement" ni kinachokamilisha kingine, nalo limeanza kama "complete". Tiketi ya bure ni "complimentary".

"Lose" ni kupoteza au kushindwa, na "loose" ni kulegea. "Don't loose hope", tunayoisoma kila wiki kwenye ujumbe wa kutiana moyo, maana yake ni usilegeze tumaini, jambo ambalo pengine si baya, lakini si lililokusudiwa. Aliyepoteza amepungukiwa na o moja.

Kuna mahali kipimo cha Kiswahili kinakwama, na ni haki kulisema hilo. "Passed" na "past" ni hapo. Ukisema "nilipita benki", unasikia kitenzi "pita" na mkono unakimbilia "passed". "I passed the bank" ni sahihi. Lakini "I walked past the bank" nayo ni kupita benki, na hapo ni "past". Kwa jozi hii tumia kipimo cha Kiingereza chenyewe: kama sentensi ina kitenzi kingine tayari, kama "walked", "drove" au "went", basi ni "past". Kama hakuna kitenzi kingine, "passed" ndilo kitenzi. Saa, historia na yaliyopita ni "past" kila mara: "half past ten", "in the past".

"Led" ni wakati uliopita wa kuongoza. Wengi huandika "she lead the team last year" kwa sababu "lead" la madini, ile risasi iliyotajwa katika "unleaded" kwenye vituo vya mafuta, linatamkwa sawa na "led". Madini hayaongozi timu.

Zilizobaki nazitaja mbiombio, kwa kuwa ukiziona pamoja mara moja hazitakusumbua tena. Breki ya gari ni "brake", kuvunja na mapumziko ni "break". Tairi kwa tahajia ya Uingereza ni "tyre", na "tire" ni kuchoka. Ghorofa ni "storey", hadithi ni "story". Mita ya urefu ni "metre", mita ya umeme au maji ni "meter". Kiswahili kimeziweka zote katika neno moja, kwa hiyo hapa hakikusaidii. Eneo la ujenzi, ile saiti ya mafundi, ni "site". Kunukuu ni "cite". Uwezo wa kuona ni "sight". Hali ya hewa ni "weather", na "kama" au "iwapo" ni "whether". Mahali pa kusindika au kuuzia maziwa ni "dairy", kitabu cha kumbukumbu za kila siku ni "diary".

Ukiuliza kwa nini Kiingereza kimejitwisha mzigo huu, sehemu kubwa ya jibu ni saa mbaya. William Caxton alifungua mtambo wa kuchapa Westminster mwaka 1476, na wachapaji wakaanza kuzigandisha tahajia. Wakati huohuo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama kutoka mahali pao mdomoni, mabadiliko yaliyochukua karne kadhaa. K ya "knight" ilikuwa ikitamkwa, kwa hiyo shujaa wa farasi na usiku havikuwa na mlio mmoja. Midomo iliendelea kubadilika, karatasi ikabaki pale pale.

Jozi za sikio

Huku hakuna wa kumlaumu isipokuwa idadi ya irabu. Sisi tuna tano. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa shuleni huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Zikifika kwetu, hizo zote hupangwa katika vyumba vitano.

Ushahidi umo katika maneno tuliyokopa. "Week" ina i ndefu na "ticket" ina i fupi iliyolegea, lakini wiki na tiketi zimepata i ileile. "Boot" na "foot" ni sauti mbili kwao, kwetu ni buti na futi. "Bus", "shirt" na "bath" ni irabu tatu tofauti, nasi tukazifanya basi, shati na bafu, zote kwa a. "Bank" imekuwa benki na "pen" imekuwa peni, zote kwa e. Ukitaka kujua ni jozi gani za Kiingereza zitakusumbua, usitafute orodha ya mtu. Angalia tu ni sauti zipi zilipewa chumba kimoja walipokuwa wanakopa waliotutangulia.

Vitabu vya kigeni hupenda kuanza na "ship" na "sheep". Jozi hiyo haina faida kubwa kwetu. Sijui ni mazungumzo gani ambayo meli inaweza kudhaniwa ni kondoo. Muda wako uweke kwenye "live" na "leave", kwa kuwa hizo hukaa katika sentensi zinazofanana. "I'm living in Tanga" na "I'm leaving Tanga" zinapishana kwa kijineno kimoja tu, na msikilizaji wa simu mbovu hatakisikia. Weka pia "fill" na "feel", maana kosa hili limeshavuka kutoka mdomoni hadi kwenye kalamu: "Fill free to call me" inamwalika mtu ajaze kitu. "Sit" na "seat", "this" na "these", "hit" na "heat" zinafuata. Zipo mbili nyingine, zinazohusu ufukwe wa bahari na shuka la kitanda, ambazo mwalimu huziruka ubaoni kwa sababu i ikifupishwa hutoka tusi. Hizo zijifunze kwa faragha, hasa kama kazi yako ni hoteli ya pwani.

Namna ya kuzitenganisha ni hii. I ya Kiswahili iko karibu na i ndefu ya "leave", kwa hiyo hiyo unayo tayari. Ivute tu kidogo, kama katika "fundii" ya mtu anayeita kutoka mbali. Ngeni ni ile fupi ya "live". Sema i, kisha legeza taya taratibu kuelekea e, na usimame katikati kabla hujafika. "Full" na "fool" ni vivyo hivyo: u yetu ndiyo ya "fool", na ya "full" imesimama njiani kati ya u na o.

Kwenye a, msongamano ni mkubwa zaidi. "Hat", "hut", "heart" na "hurt": kofia, kibanda, moyo, kuumiza. Wengi wetu tunazitamka zote "hat". Nazipanga hivi. "Hut" ni a yetu fupi, kama ya "hata". "Heart" ni aa ndefu, kama ya "kaa". "Hat" iko katikati ya e na a. Fungua mdomo kwa upana ukisema e. "Hurt" haina nyumba katika Kiswahili: midomo imelegea, ulimi umelala katikati haugusi popote, sauti inatoka kama ya mtu anayesitasita kabla ya kujibu. Sauti hiyohiyo imo katika "work", "bird", "first", "nurse" na "world". Ukiipata hii moja umeshinda kwa mkupuo mmoja "work" na "walk", jozi ambayo katika usaili wa kazi husikika ndani ya dakika ya kwanza. "Walk" haina l inayosikika, na irabu yake ni oo ya "choo". Ukisema "I have walked for five years" kwa oo hiyo, umemwambia mwajiri kwamba umetembea miaka mitano.

"Bad" na "bed" huonekana ndogo, hadi pale mtu anaposema hospitalini "the bed is bad".

Kisha kuna miisho ya maneno. Maneno yetu huishia kwa irabu, basi tukikutana na neno linaloishia kwa konsonanti tunaliongezea irabu au tunaimeza konsonanti, na hapo "price" na "prize", "rice" na "rise", "back" na "bag", "bet" na "bed" yanakuwa mamoja. Mwalimu atakuhimiza uikaze z au g ya mwisho. Ushauri huo si mbaya, ila Waingereza wenyewe mara nyingi huitamka hafifu. Wanachokisikiliza ni urefu wa irabu iliyotangulia. Mbele ya s, k, t na p irabu hukatwa fupi; mbele ya z, g, d na b huvutwa. Kwa hiyo "bag" ni ndefu kuliko "back", na "prize" ni ndefu kuliko "price". Anayeuliza bei ya bidhaa kwa irabu iliyovutwa ataulizwa anazungumzia zawadi ipi.

Mahali pamoja sisi tuko mbele ya wanafunzi wengi duniani. Kiarabu kilituachia th ya thelathini na dh ya dhahabu, na hizo ndizo sauti mbili ambazo Mfaransa na Mjerumani huzihangaikia. Anayesema "themanini" na "dhambi" kama wasemavyo pwani hana haja ya somo lolote kuhusu "think" na "sink", "mouth" na "mouse", "three" na "tree", "then" na "den". Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliokulia bara tumezizoea "semanini" na "zambi". Basi zoezi la Kiingereza hapa ni zoezi la Kiswahili: rekebisha thamani, thabiti, dhahiri na dhaifu, na Kiingereza kitafuata chenyewe.

L na r inategemea lugha ya nyumbani. Gĩkũyũ hakina l ya kawaida. Luganda kinaziandika zote mbili lakini r huja baada ya e na i, zaidi ya hapo ni l, kwa hiyo sikio la mzawa halizihesabu kuwa sauti mbili zinazoweza kubadilisha maana. Kama unatenganisha kula na kura bila kufikiri, ruka aya hii. Kama hutenganishi, usianze na "rice" na "lice", ambayo hutumiwa zaidi kuchekana. Anza na "collect" na "correct". "Please collect the form" inakutaka ukachukue fomu. "Please correct the form" inakutaka uirekebishe. Zote mbili husemwa kwenye dirisha moja, kwa watu walewale wanaosubiri kwenye foleni, na atakayesikia vibaya ataondoka na fomu yenye makosa.

Mbili za kujifunza kwanza

Kama una muda wa kushughulikia jozi mbili tu, ziwe hizi, kwa maana zinagharimu fedha.

Ya kwanza ni "can" na "can't". Katika Kiingereza cha Uingereza zinatofautiana kwa irabu: "can't" ina aa ndefu, na "can" ndani ya sentensi hupungua hadi karibu irabu yote inatoweka, "I kn come". Katika Kiingereza cha Marekani irabu ni moja, t ya mwisho huishia kooni, na mgeni husikia kitu kimoja kwa ndiyo na hapana. Sisi huzitamka zote mbili kwa nguvu sawa, jambo linalomfanya msikilizaji wa nje asikie "can't" mahali tuliposema "can". Ukikataa jambo zito, sema na uandike "cannot". Ukikubali, usiikaze "can". Mkazo uweke kwenye kitenzi kinachofuata.

Ya pili ni nambari: "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty", hadi "nineteen" na "ninety". Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiupeleka huo kwenye "fifteen" tunaukaza mwanzo, fIF-tin, na n ya mwisho ikimezwa tumeshasema "fifty". Mkazo wa "fifteen" uko mwishoni, na "ee" yake ni ndefu. Wa "fifty" uko mwanzoni, na mwisho wake ni mfupi. Tatizo ni kwamba Waingereza nao huuhamisha mkazo wa "fifteen" kuja mbele wakiufuatisha na neno jingine, kama "fifteen dollars", kwa hiyo hata sikio lililofundishwa linaweza kudanganyika. Bei ikitajwa kwenye simu, au siku za kulipa deni, au kipimo cha dawa, usikubali neno zima. Uliza tarakimu moja moja: "One five, or five zero?"